Muuaji Umemjua Mapema? Majibu kwa Wapenzi wa Mafumbo na Sai-fai

Barua za safari hii nyingi zimetua kwenye mambo mawili: kesi ya tatu ya mpelelezi wa filamu Benoit Blanc, *Wake Up Dead Man*, na zile tamthilia za sai-fai zinazomwacha mtu ameshika kichwa saa saba usiku. Panapofichuliwa jambo kubwa tumetoa onyo mapema, asiyeangalia aruke aya.

Wahariri, nimeangalia *Wake Up Dead Man* na kaka yangu. Filamu haijafika nusu akamtaja muuaji, na kweli akapatia. Sasa anaiita filamu mbovu. Mimi nimeipenda. Nani ana haki?
*Mpenda Mafumbo, Tanga*

Muulize kaka yako amepatia kwa kidokezo gani. Akikujibu "nilihisi tu", hajategua kitu, amebahatisha. Washukiwa pale ni kama wanane, kwa hiyo mtu anayetaja jina lolote ana nafasi moja kati ya nane ya kupatia. Wengine hupatia kwa njia ya mkato: wanatafuta mwigizaji mwenye jina kubwa aliyepewa maneno machache, wanajua hakulipwa pesa zote zile aje kumwaga chai. Mkato mwingine aliufichua Rian Johnson mwenyewe, mwongozaji wa filamu hizi, mwaka 2020: Apple hukubali simu zake za iPhone zitumike kwenye filamu, lakini mtu mbaya asionekane ameishika. Tangu hapo kuna watazamaji wanaochunguza simu badala ya nyuso. Hayo ni maarifa ya nje ya filamu, hayapimi ubora wa fumbo.

Kipimo cha zamani bado kinafaa. Mwaka 1929 Ronald Knox, padri wa Kikatoliki aliyeandika hadithi za upelelezi, alitoa kanuni kumi. Mbili ndizo zilizobaki na nguvu: mhalifu awe ametajwa mapema katika hadithi, na mpelelezi asitumie kidokezo ambacho msomaji hakuonyeshwa. Basi rudia filamu ukiwa na kalamu. Kila Blanc anapotaja ushahidi mwishoni, jiulize kama uliuona kwa macho yako kabla. Hesabu. Ukikuta mambo mawili au matatu aliyoyajua yeye peke yake, kaka yako ana hoja. Kwa hesabu yetu sisi, hana.

Tena kesi hii si ya "nani" peke yake. Monsinyori Wicks, padri wa kanisa la pale, anamaliza mahubiri ya Ijumaa Kuu, anaingia kijichumba kando ya mimbari mbele ya macho ya waumini, hakuna mtu mwingine ndani, na anakutwa na kisu mgongoni. Hiki ni chumba kilichofungwa, aina ya fumbo ambayo mwandishi John Dickson Carr aliitolea somo zima ndani ya riwaya yake *The Hollow Man* ya 1935, na filamu yenyewe inaitaja. Majibu ya fumbo la namna hii, ukiyapanga, huangukia makundi matatu: mtu ameuawa mapema kuliko tunavyodhani, ameuawa baadaye kuliko tunavyodhani, au muuaji hakuwahi kuingia chumbani. Hatusemi hapa ni lipi. Ila ukirudia, andika nyakati tatu: mara ya mwisho marehemu alipoonekana hai bila shaka, na alionekana au alisikika tu, dakika mwili ulipofikiwa, na mkono wa kwanza kuugusa. Linalosemwa na shahidi mmoja tu liandike kwa penseli. Kama kaka yako alimjua "nani" lakini "vipi" ikampita, amekula wali akaacha mchuzi.

Habari za kazi. Mtaani kwetu tunaangalia muvi zilizotafsiriwa na DJ. Za mapigano nazielewa vizuri kabisa, lakini za upelelezi mwisho unanichanganya kila mara, kama kuna kipande kimekatwa. Tatizo ni mimi?
*Mteja wa Kibanda Umiza, Mwanza*

Tatizo si wewe, na wala si lazima DJ awe mbovu. Filamu ya mapigano inasimuliwa kwa macho: stelingi anapiga, adui anaanguka, DJ anaongeza utani. Fumbo linakaa kwenye sauti ndogo na kwenye namna neno lilivyosemwa, na hapo ndipo tafsiri ya juu kwa juu inapovuja.

Kwanza kimya. DJ anashusha sauti ya asili ili yake isikike, na palipo kimya anapaza porojo. Mlango uliofungwa taratibu nyuma ya ukuta, saa iliyosimama, mbwa ambaye hakubweka: vyote vinazama.

Pili ni sarufi, na hili wengi hawalifikirii. Kiingereza hutenganisha mwanamume na mwanamke kila kiwakilishi kinapotajwa. Mshukiwa akisema "alikuwa amesimama dirishani" kwa kiwakilishi cha kike, kabla polisi hawajamwambia mtu yeyote kwamba aliyeonekana ni mwanamke, amejiuza. Kwa Kiswahili "alikuwa amesimama" haina jinsia, na kidokezo kimekufa palepale. Upande wa ukoo mambo yanageuka: Kiingereza kina neno moja ambalo sisi tunaligawa kuwa mjomba, ami, baba mkubwa na baba mdogo. DJ analazimika kuchagua papo hapo. Kama kesi ni ya mirathi, akisema "mjomba" pahali pa "baba mdogo" amemtoa mtu kwenye orodha ya warithi bila kujua, na wewe mtazamaji ukaacha kumshuku.

Tatu, DJ ameshaiona filamu. Akisema dakika ya kumi "huyu ndiye mbaya wetu leo", mtama umemwagwa.

Dawa: fumbo liangalie mara ya kwanza kwa sauti ya asili na manukuu, hata kama Kiingereza chako ni cha kusuasua, kisha ndiyo umsikilize DJ. Na kama DJ wenu anapokea ushauri, mpeni mambo haya: asiseme pasipo na maneno, kiwakilishi chenye jinsia akigeuze kuwa "yule mwanamke" pale tu mzungumzaji mwenyewe alipoitaja jinsia, barua na wosia avisome neno kwa neno, tarehe zikiwemo, na ukoo auchore kwenye karatasi kabla ya kurekodi.

Nimemaliza misimu miwili ya *Severance* na sijui kama naipenda au nimenaswa tu. Hizi tamthilia za mafumbo ya sai-fai zina majibu kweli, au waandishi wanatupiga chenga?
*Dada wa Ofisini, Nairobi*

Zipo zinazopiga chenga. Dalili yake ni moja: kanuni mpya inazaliwa siku ileile inapohitajika. Stelingi amekwama, ghafla kumbe mashine inaweza pia kufanya jambo fulani. Ukiona hivyo mara mbili katika msimu mmoja, zima ukalale.

*Severance*, ya wafanyakazi waliogawanywa kumbukumbu za kazini na za nyumbani, kanuni zake ni chache: kifaa kichwani, lifti ya kampuni ya Lumon inayogeuza fahamu, mtu wa kazini asiyemjua mtu wa nyumbani, wala wa nyumbani asiyemjua wa kazini. Sasa onyo, aya hii inagusa mwisho wa msimu wa kwanza. Fainali ya 2022 inasimama juu ya wazo kwamba mtu wa kazini anaweza kuamshwa akiwa nje ya jengo. Lingekuja siku ya fainali tungesema tumeibiwa. Lakini kabla ya hapo msimamizi Milchick alishamwamsha mfanyakazi Dylan akiwa nyumbani kwake, kwa sababu ndogo tu ya kutafuta kadi iliyoibiwa. Wakati ule ilionekana tukio la pembeni. Kumbe tulikuwa tunaonyeshwa bunduki na risasi zake.

Linaloumiza ni kalenda. Msimu wa kwanza wenye sehemu 9 ulianza Februari 2022, wa pili wenye sehemu 10 ukaja Januari 2025. Karibu miaka mitatu, na tamthilia inayotegemea kukumbuka sura ya mtu kwenye picha ukutani. Kabla ya msimu wa tatu usitegemee muhtasari wa dakika tatu. Rudia sehemu mbili za mwisho za kila msimu, inatosha.

Ukitaka kinyume chake, jaribu *Pluribus* ya Vince Gilligan, sehemu 9, iliyoanza Novemba 2025. Yenyewe haikufichi kilichoikumba dunia: ishara imetoka angani, binadamu karibu wote wamekuwa akili moja yenye furaha, isipokuwa watu wachache mno. Yote hayo unayajua sehemu ya kwanza. Fumbo linahamia kwa Carol, mmoja wa hao wachache: atafanya nini, na je, hao wenye furaha wana ubaya gani hasa? Ni mwendo wa konokono, tunakubali. Mwenye haraka ataichukia.

Nimeanza *Dark* mara tatu, nikaacha mara tatu. Nani mtoto wa nani?
*Nimechoka, Eldoret*

*Dark* ni tamthilia ya Kijerumani ya watu wanaosafiri kati ya nyakati, kwa hiyo mara ya nne chukua karatasi ya A3, au A4 mbili zilizounganishwa kwa gundi, uilaze. Chora safu tano zenye vichwa 1921, 1953, 1986, 2019 na 2052. Mapengo ni ya miaka 33 isipokuwa hilo la kwanza. Msimu wa pili nyakati zinasogea miezi kadhaa, kwa hiyo 1986 na 1987 zikae safu moja, na 1953 na 1954 vilevile. Kushuka chini weka mistari minne ya familia za mji wa Winden: Kahnwald, Nielsen, Doppler, Tiedemann. Acha mstari wa tano mtupu kwa wageni. Utajaa.

Jina la mtu liandike kwa kalamu. Uhusiano uandike kwa penseli, na uupitishie kalamu pale tu unapothibitishwa kwa kuonyeshwa. Watu wa Winden wanaongopeana sana, na kosa kubwa la wanaopotea ni kuandika walichosikia kana kwamba wamekiona. Mtu mmoja akionekana na umri miwili tofauti, usimwandike upya. Vuta mstari kutoka safu hadi safu.

Badilisha sauti iwe ya Kijerumani chenyewe na manukuu. Netflix inaweza kukuwekea sauti ya kupachikwa bila kukuuliza, na sauti za kupachikwa zinapoteza pumzi na kusita, vitu ambavyo huku ni nusu ya ushahidi. Faida nyingine: ukisoma manukuu huwezi kuchezea simu. Sehemu zote ni 26 (10, 8 na 8). Mbili kwa usiku mmoja zinatosha, na ukiacha zaidi ya wiki moja, rudia dakika kumi za mwisho ulipoishia. Msimu wa tatu andaa karatasi ya pili, ya rangi nyingine. Kwa nini, utajua mwenyewe.

Runinga yangu ni mpya, inchi 50, lakini nikiangalia *Silo* naona giza tupu, na maneno siyasikii. Muziki ukija majirani wanagonga ukuta. Nirudishe dukani?
*Fundi Asiyejiweza, Dodoma*

Usirudishe. *Silo* ina giza kwa makusudi, ni watu elfu kumi chini ya ardhi kwenye ghorofa 144, lakini giza lake lina maumbo ndani. Usipoyaona, kosa kwa kawaida liko kwenye mipangilio.

Anza na hali ya picha: toka kwenye ile kali ya dukani, weka ya sinema au Filmmaker Mode kama ipo. Zima kitu kinacholainisha mwendo. LG wanakiita TruMotion, Sony wanakiita Motionflow. Filamu hupigwa picha 24 kwa sekunde, na runinga inapobuni picha za katikati, filamu inageuka kama taarifa ya habari. Zima pia kontrasti inayojibadilisha yenyewe, ndiyo inayomeza vivuli. Halafu tofautisha vitufe viwili ambavyo watu huvichanganya: mwanga wa taa ya nyuma na "brightness". Taa ya nyuma ndiyo ya kupandisha. "Brightness" kwenye runinga nyingi za LCD hugusa kiwango cha weusi; ukiipandisha sana weusi unakuwa kijivu, ukiishusha vivuli vinazama. Simamisha picha kwenye tukio la giza, ipandishe kidogo kidogo hadi mikunjo ya koti jeusi ianze kuonekana, ishia hapo.

Bado giza? Huenda ni HDR, ishara ya picha yenye mwanga mkali zaidi. Runinga za bei nafuu zinaipokea ishara hiyo lakini kioo chake kina niti (kipimo cha mwangaza) 250 au 300, na picha nyingi za HDR hutengenezwa kwa kilele cha niti 1,000. Kama unatumia kisanduku cha nje, ingia mipangilio yake ya picha uchague SDR, yaani picha ya kawaida. Na zima taa iliyo mbele ya kioo, iwashe ya nyuma ya runinga.

Sauti: maneno ya waigizaji hukaa kwenye njia ya katikati ya mfumo wa 5.1, yaani wa spika sita, na wewe una spika mbili ndogo zinazotazama ukuta. Fungua menyu ya sauti ndani ya programu, chagua isiyoandikwa 5.1. Kisha washa hali ya usiku au ya kukuza maongezi upande wa runinga. Inapunguza pengo kati ya mnong'ono na mlipuko. Majirani watakushukuru.

Assalamu alaykum. Katika *3 Body Problem* wanasema majua matatu hayatabiriki. Ni sayansi au ni porojo?
*Mwanafunzi, Unguja*

Waalaykumu salaam. Msingi ni sayansi. Miili miwili inayovutana kwa mvutano wake ina fomula: ukijua ilipo leo na kasi yake, unajua itakapokuwa baada ya miaka milioni. Ongeza wa tatu, na fomula ya jumla inayotumika haipo. Unakokotoa hatua kwa hatua, na kosa dogo la mwanzoni linakua hadi jibu halina maana. Henri Poincaré aliliona hilo mwishoni mwa karne ya 19.

Porojo inaingia kwenye anwani. Riwaya ya Liu Cixin, iliyozaa tamthilia hii, inawaweka wageni wa angani wanaokuja Duniani kwenye nyota za Alpha Centauri, na kweli kuna nyota tatu pale. Lakini mbili kubwa zinazungukana kwa takriban miaka 80, zikikaribiana kiasi cha umbali wa Jua na Zohali na kuachana karibu na ule wa Jua na Pluto. Ya tatu, Proxima, iko mbali mno, takriban mara 13,000 ya umbali wa Dunia na Jua, na mzunguko wake unachukua zaidi ya miaka laki tano. Mpangilio kama huo umetulia, kama Jua, Dunia na Mwezi walivyotulia ingawa ni watatu. Vurugu ya kwenye tamthilia inataka nyota zote tatu zikae jirani.

Hesabu ya safari ya wageni hao kuja kwetu imekaa vizuri. Miaka ya nuru minne na ushee kwa miaka 400 ni asilimia 1 ya kasi ya mwanga, yaani kilomita 3,000 kwa sekunde. Ni Dar es Salaam hadi Mwanza kwa barabara, kwenda na kurudi, na chenji inabaki. Ila ile protoni ya wageni iliyokunjuliwa ikawa kompyuta ni mazingaombwe yaliyovaa koti la maabara. Tumeyafurahia hivyo hivyo.

Kuna sai-fai yoyote ambayo Kiswahili kimo, au sisi ni watazamaji tu?
*Msomaji, Bujumbura*

Kipo, na kwako kipo jirani. *Neptune Frost* ya 2021, ya Anisia Uzeyman na Saul Williams, ilipigwa Rwanda na hadithi yake iko Burundi: wachimba madini ya koltani, wadukuzi, na nyimbo juu yake. Utasikia Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza. Si filamu ya kufuata kwa mantiki ya hatua kwa hatua. Ukitafuta kidokezo kama cha Blanc utaumwa kichwa.

*Pumzi* ya Wanuri Kahiu wa Kenya (2009) ni ya dakika ishirini na kitu tu. Miaka 35 baada ya Vita vya Maji, Asha anapata udongo wenye uhai mahali ambapo jasho na mkojo husafishwa vinywewe tena. Maneno machache, na kila tone lina hesabu yake. Anza na hii. *Kizazi Moto* ya Disney+ (2023) ni katuni fupi kumi kutoka nchi sita. Jina ni letu, maongezi mengi ni ya Kiingereza. Tafuta *Enkai* ya Kenya na *Herderboy* ya Uganda. Na Uhura wa *Star Trek*, tangu 1966, jina lake limechongwa kutoka neno uhuru. Ni jina tu, sarufi walituachia.

Sehemu moja ya saa nzima inakula bando kiasi gani?
*Mwenye Simu, Mbeya*

Kwa Netflix, ubora wa chini ni kama GB 0.3 kwa saa, wa kati 0.7, HD hadi 3, na 4K hadi 7. Kwenye kioo cha simu cha inchi sita ubora wa kati unatosha, ila *Silo* na wenzake wa gizani waangalie kwa HD, maana ubora wa chini hugeuza vivuli kuwa vigae vya mraba. Pakua ukiwa kwenye Wi-Fi, na ndani ya programu weka upakuaji uwe kwa Wi-Fi pekee, kwa sababu kuna kipengele kinachojipakulia sehemu inayofuata kila ukimaliza moja. Vilivyopakuliwa vina tarehe ya kuisha. Kabla ya safari ya basi hakikisha vinafunguka ukiwa umezima data.